Wa Tatu, wa Tano, wa Saba

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Imeingia na zamu ya usiku, imekaa juu ya bati la kiwanda
kama mgeni aliyekuja na godoro lake,
na mimi, Tusekile, binti wa mpiga tarumbeta,
nimesimama mbele ya transfoma, nasikiliza.

Zamani ilivuma sauti moja, nene,
ya mtu aliyeshiba.
Tangu wafunge vidhibiti sita vya kasi
kwenye feni za kunyaushia majani,
na taa mpya mia mbili ukumbini
(bili imeshuka kweli, meneja alitununulia soda),
inavuma kama mtu anayesaga meno usingizini.

Kisha yakaanza.
Kapasita ikavimba kama andazi.
Mota namba nne, mzigo haba, inachemka.
Na waya wa nyutro, mnyonge wa familia,
ambaye kazi yake ni kurudi nyumbani mikono mitupu,
ganda lake likageuka rangi ya chai iliyoungua.

"Umeme wa laini mbovu," akasema meneja.
"Weka fyuzi kubwa," akasema mhasibu.
Mzee Ngonile wa getini akasema kiwanda kina mtu,
akanitazama mimi na bisibisi zangu.

Gwamaka akaleta kipimo cha kuazima kutoka Uyole,
amekifunga kwenye kanga ya mama yake kisilowe.
Tukakibana kwenye waya, tukatazama kioo.
Wimbi lilitakiwa kupanda na kushuka kama kilima cha chai,
mara hamsini kwa sekunde, bila kujikwaa.
Tukaona msumeno.

"Nani kalitafuna?"
Vidhibiti vyenyewe, Gwamaka, na taa.
Hivi havinywi umeme, vinaudonoa,
kuku kwenye mpunga: donoa, acha, donoa, acha,
na kila mdonoo unatikisa nyuzi zote,
na mtikisiko una ukoo wake, una namba.

Wa tatu ni mtoto wa taa.
Wenzake wakikutana njia panda hufutana;
yeye na ndugu zake hujumlika,
hushuka wote kwenye nyutro
kama waombolezaji kwenye nyumba ya chumba kimoja.
Wa tano huzunguka kinyumenyume:
mota inavutwa mbele, yeye anaivuta nyuma,
nayo haigombi na mtu, inachemka tu.
Wa saba aliiona kapasita.
Walipatana sauti. Ndipo ikavimba.

Miezi mitatu ya barua.
Zikaja koili za kuwekwa mlangoni pa kila kidhibiti,
nyutro mpya, nene kama kidole gumba,
na kichujio, kabati la kijivu,
limepimwa kwa sauti ya wa tano peke yake,
ili akija akute njia yake kando, asipite ukumbini.
"Na hiki kinazalisha nini?" akauliza mhasibu.
Hakizalishi, nikasema. Kinanyamazisha.
Hakupenda jibu. Alisaini.

Jumapili, Rungwe Misheni, baba akainua shaba yake.
Miaka sabini na mbili, jino moja la mbele halipo,
akapuliza noti moja ndefu,
na ndani ya ile moja nikawasikia:
wa tatu, wa tano, wa saba,
wamekaa juu ya sauti kuu kama vifaranga mgongoni.
Bila wao tarumbeta ni mluzi wa birika.
Wale wale! Niliowafukuza kwa spana wiki nzima!
Nikacheka katikati ya ibada,
mama akanifinya.

Leo kipimo kimesema asilimia nne.
Si sifuri. Sikuahidi sifuri.
Nimeweka mgongo wa kiganja kwenye ganda la nyutro:
vuguvugu, kikombe kilichosahauliwa dirishani.
Gwamaka anasema hasikii kitu, labda mvua tu.
Nimefungua daftari la zamu
nikaandika, kwa mwandiko ambao mhasibu ataweza kuusoma:
saa nane na robo usiku,
transfoma imeshiba.